Soya Haiko Chakula ya Batoto Tu

Njo vile, Baba Monique: bukari, ugali yetu ya mahindi, ilikuwa pale mbele yangu, inatoka moshi, bako yetu, jamaa yenye inataka kuoa kwetu, beko bananiangaria, na miye sikutie mukono. Miye! Bibi yako, mwenye ulikuwaka unacheka asema mu tumbo yangu muko mashini muzima ya kusaga mahindi. Sikutie mukono. Andika vile, Monique, usipunguze.

Monique mutoto wako wa kwanza njo eko anaandika, juu unayua, miye na kalamu hatukukutanake. Miye naongea, yeye anaandika, na siku ya kukumbuka bantu balikufwa atakusomea ku kaburi na sauti. Tuko mu lupitalo, hospitali yetu, ku couloir, njia ya kungojea banganga ya macho, ku benchi ya mbao yenye inauma matako. Usiandike matako. Eh, andika tu, baba yako anayayua.

Balinitoboa kidole hii asubui, balitosha damu kidogo, infirmière, muuguzi wabo, akaenda nayo na kartasi yake. Tunangoja. Hii ni mara ya tatu. Mara mbili balishanirudisha ku nyumba: "Mama Ngoie, sukari iko yulu sana, hatuwezi kupasula jicho, kidonda itakatala kupona." Na hii banganga ya macho balitoka mbali, banarudia kwabo kesho. Bakienda, hakuna mwenye kuyua siku gani bataruya tena. Jicho ya kuume ilishafunga kabisa, iko nyeupe sawa maziba. Ya kushoto inaona rangi na kivuli, basi. Uso ya muntu, hapana. Kama leo sukari haikushuka, nitabakia nashikwa mukono sawa mutoto mupaka siku utanipokea kule.

Lakini siogope. Batu banapita hapa banafikiri hii kizee inalala, kumbe niko nangoja sawa muntu mwenye alifanya kazi yake na anangoja tu bamuambie asanti. Ngoja nikusimulie hii kazi, juu tangu ulienda hauyue kitu.

Unakumbuka soya, shiye tulikuwaka tunaiita chakula ya batoto ya kwashi, ile ugonjwa ya njala. Mutoto akivimba miguu, nywele ikigeuka nyekundu, basista banapatia mama yake unga ya soya. Lakini muntu mukubwa akule soya? Majirani banasema: kule njala iliingia na balishafunga mulango. Weye mwenyewe, bwana wa chemin de fer, kazi ya reli, ulisemaka: "Miye nikule soya? Niko na meno yangu thelathini na mbili!" Ulikuwa nayo kumi na moja, lakini tulikuachaka.

Na bukari yako, ile! Ukipanda train ya Sakania, nilikuwa nakufungia bukari mu gamelle, bakuli yako ya safari, natia kitambaa nyeupe yulu ili moto isitoke. Kisha siku mbili unarudia, gamelle haikuoshwe, na ndani munabakia kipande moja kidogo, ilishakauka sawa libwe, jiwe kabisa. Unasema: "Hii ni ya kwako, ilifika Sakania." Na miye naikula. Batoto banacheka mupaka banaanguka. Bukari ilikuwa inaona Sakania, miye hapana, lakini nilikuwa naonja safari yake. Nani anaweza kunikataza bukari, Baba Monique? Bukari ilikuwa masolo yetu, njo vile tulikuwa tunaongea.

Ile mwaka balikuambia uko na sukari, munganga akasema upunguze bukari, ulikasirika sawa muntu mwenye bananyanganya nyumba. Njo miye, muke mwenye akili, nikafikiri: masoso, ile uji ya unga ya kuchanganya! Masoso iko na soya, na mu redio bananisemea soya ni muzuri kwa muntu wa sukari. Basi asubui uji ya masoso, mangaribi uji ya masoso, sahani yenye kujaa mupaka inamwangika. Nilikuwa natembea mu cour, kiwanja yetu, kichwa yulu, naambia bamama: "Bwana yangu anakula régime, chakula ya munganga." Na weye ulipenda, ulikuwa unalamba kijiko mbele na nyuma. Sukari ikapanda. Tukasema ni bantu ya kazi banakulogea. Tukaongeza masoso.

Sasa hii neno nilikuwa naibeba sawa libwe mu kifua, Monique, andika polepole.

Weye ulienda. Mwaka haikuishe, na miye pia balinikuta nayo. Ku lupitalo nikakuta infirmière moja mufupi, sauti yake sawa ya mama mwenye kuuzisha ndakala, bale basamaki badogo, ku soko. Nikamuambia na majivuno yote: "Miye sina shida, miye nakula masoso." Akaniangaria. Akaniuliza: "Mama, masoso yako unaitengeneza na nini?" Nikasema mahindi, mutama na soya. "Mahindi kopo ngapi?" Tatu. "Mutama?" Moja. "Na soya?" Baba Monique, nikahesabu na bidole. Kinywa ilibakia wazi, inzi ingeingia na kutoka. Kopo moja ya soya! Ile ilikuwa bukari. Bukari yenye ilivaa koti ya soya, na miye nikaifungulia mulango, nikaipatia kiti.

Nililia pale pale, bagonjwa banangaria. Miezi na miezi nilikunywesha bukari na nikaiita dawa. Ule infirmière akanishika bega, akasema: "Mama, haiko uji njo ilimuua. Sukari yake ilikuwa ya zamani, muguu ilishaharibika, na bidonge alikuwa anaviruka." Ni kweli, ulikuwa unaviruka, nilikuwa navikuta chini ya godoro nikifagia. Nilisikia vile alisema. Lakini nilitaka weye uisikie mu kinywa yangu, haiko mu kinywa ya muntu mungine. Unisamehe. Nilifanya na mapendo na nilikosea.

Basi. Nilishasema. Monique, panguza pua, uendelee.

Ule mama infirmière njo alinifundisha. Alisema: bukari ya saa sita, kipimo ya ngumi ya mutoto, siku ingine unaiacha kabisa. Mukate, muchele, biazi, ni ndugu ya bukari, usibapokee bote siku moja. Munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, yenye sukari, uage. Mboga ujaze nusu ya sahani, lengalenga, kibwabwa, yote yenye unapenda. Na soya, ikuwe soya yenyewe, isitembee na mahindi. Kisha akanishika sikio, kweli alinishika sikio, akasema: "Na usinidanganye, soya haiko dawa. Kidonge unameza kila siku." Nameza. Uliza Monique. Chini ya godoro yangu hakuna kitu.

Nikarudia nyumbani na akili yangu ingine tena. Nikafikiri: kama banakataza bukari ya mahindi, tupike bukari ya soya, nani atayua? Nikachemusha maji, nikatia unga ya soya, nikavuruga na mwiko. Inakatala kushikamana. Nikaongeza unga. Inakatala. Nikaongeza tena. Ikaanza kunuka sawa maharage mabichi, na nikifinya mu mukono inapita katikati ya bidole inaenda zake. Monique akasema: "Mama, hii ni ya kupaka ukuta." Tukapaka! Ile tundu ya jikoni kwenye panya zinapita. Kesho yake tukakuta panya zilikula ukuta. Zenyewe ziko na nguvu mupaka leo.

Njo nikayua: soya usiilazimishe ikuwe bukari. Soya iko na kazi yake.

Sasa unisikie, juu hapa njo miye niko fundi. Soya inatoka Kasumbalesa mu gunia, naichagua na bidole, juu macho hapana. Mbegu yenye panya iligusa, bidole yangu inaiyua. Naitia mu maji mangaribi, mupaka asubui iko inavimba. Naisugua, maganda inatoka, natwanga mu kinu mupaka inakuwa laini. Natia maji, nakamua na kitambaa. Kitambaa gani? Ile ya gamelle yako. Usinifokee, nilishaifua mara mingi. Inatoka maziba nyeupe. Hii maziba unaichemusha murefu, usifanye haraka, mbichi inavuruga tumbo. Na povu yake ni mwizi: unageuza shingo, inapanda, inazima moto yote. Monique anaingaria, lakini miye naisikia. Kuna sauti inafanya mbele ya kupanda, sawa muntu anavuta pumzi ili akutukane. Nasema "Tosha!", Monique anatosha sufuria ku moto. Hatukuimwanga ata siku moja. Mara moja. Mara mbili, basi.

Kisha natia ndimu. Maziba inakatika, inakuwa mabonge. Naimwanga mu kitambaa, nafunga, naweka libwe yulu. Nikirudia ku misa iko ngumu, unaikata na kisu. Naikaanga na kitunguu, tomati na pilipili. Muntu akiiona anasema ni kikanda, ile mukate ya mizizi ya pori. Anatia mu kinywa, anasema ni nyama. Kisha anaomba ingine. Na makapi ya mu kitambaa situpe, nachanganya na mayai na kitunguu, nakaanga sawa biscuit. Batoto ya Monique banaiba. Wacha baibe.

Mwanzo majirani balicheka. Mama wa ku nyumba ya pembeni alisema mu uzio: "Mama Ngoie alirudia mutoto, anakula ya kwashi." Nikamujibu: "Nilirudia mutoto, ndiyo, njo maana sikio yangu inasikia ata kule uko unasema." Leo ule mama njo anakuya wa kwanza siku ya posho, jumamosi, na sufuria yake. Ndiyo, Baba Monique. Ku cour yetu, ile kwenye ulikuwaka unatengeneza kinga, baiskeli yako, bamama munane, mara ingine kumi, banakaa juu ya... banaitaka ile kitu namna gani? Monique, andika tu "chini." Banakaa chini, na miye kizee asiyesoma niko mwalimu. Nasema "kamua," banakamua. Na kila mara, kitu ya kwanza, nabauliza: "Masoso yako, soya kopo ngapi?" Banahesabu na bidole vile miye nilihesabu. Sibacheke. Nabaambia jina yako, vile ulikuwa mwanaume mukubwa na vile nilikosea. Usisikie haya. Ni kupitia weye bwana zabo banapona.

Sasa njo turudie ku ile bukari ya mwanzo.

Nadège, mutoto wa Monique, ule ulimubeba ku mabega, anaolewa. Usishituke, eko mukubwa, alimaliza masomo yake. Kijana ni wa bantu ya Kasai, jamaa yenye kuuzisha bitambaa ku soko, bantu ya heshima. Siku ya Mungu yenye ilipita, kisha misa, bakakuya kwetu kuleta neno yabo. Na unayua vile shiye tunafanya: bankambo mbili, nyanya wa kijana na nyanya wa binti, banakaa juu ya kirago moja, banawekewa bukari moja, banakula mu sahani moja. Wakikula, bukwe, undugu ya ndoa, iko na nguzo. Wakikatala, kila muntu anavaa viatu vyake.

Na infirmière alishaniambia ya hii juma: "Mupaka siku ya kupima, bukari hapana, ata ngumi ya mutoto." Angaria vile mambo ilikutana.

Nkambo wa kijana banamuita Mama Agathe, mulefu, mukavu, sauti kama ya muntu mwenye alipimaka kitambaa miaka makumi ine na hakupunjwe. Bakaweka bukari. Na miye kando yangu bakaniwekea sahani yangu, soya na lengalenga. Mama Agathe akanawa, akamega, akakula moja. Akangoja. Miye nikamega soya. Akangoja tena. Miye soya. Akaweka mukono chini. Akasema: "Mama bukwe, bukari yenu iko na nini ndani, weye mwenyewe hauikule?"

Baba Monique! Unayua hii neno inaweza kuzaa nini. Kule nyuma nikasikia mayomba ya kijana, bandugu ya mama yake, wanakohoa. Monique akaniinamia mu sikio: "Mama, kidogo tu, tonge moja, juu ya Nadège." Hapana, usikatale, Monique, ulisema. Na mukono yangu ilianza kwenda. Kwa kweli ilienda. Harufu ilikuwa inaniita na jina yangu ya ubinti. Nikafikiri, jicho ni yangu peke yangu, ndoa ni ya batu bote. Bidole ilifika ku mupaka ya sahani, moto yake nikaisikia.

Kisha nikakumbuka nilikosea na weye juu nilikuwa nafunika. Régime, régime, kichwa yulu mu cour, na ndani uongo. Nikarudisha mukono. Nikasema na sauti, bote basikie, ata bale ba inje: "Mama Agathe, bukari haina kitu. Miye njo niko na kitu. Niko na sukari. Bwana yangu alikufwa nayo. Siku ine zinabakia banipime, nikipita banafungula jicho yangu, na nataka kuona Nadège akivaa kanzu yake, sitaki banisimulie." Kisha nikakamata sahani yangu, nikaisukuma katikati ya kirago kabisa, pembeni ya bukari. "Tunatafuta sahani moja? Hii hapa. Tukule yangu."

Akaniangaria murefu. Sikuone uso yake, lakini muntu akikuangaria vile ngozi inayua. Akamega. Akatafuna. "Ni kikanda?" Hapana. "Ni nyama?" Hapana. "Ni nini basi, niko na haki ya kuyua kitu naolewa nayo!" Ni soya, mama. "Soya ya batoto?" Nikamuambia: na shiye tuko nini, mu miaka yetu? Akacheka. Nguo yake yote ikacheka. Akamega tena, akanisogelea mupaka bega yake ikagusa yangu, akasema polepole: "Ata miye niko nayo, hii sukari. Mwaka ya tatu. Batoto yangu habayue." Nikamujibu polepole: "Basi kula, dada. Kidonge unameza?" Akasema anameza siku akikumbuka. Nikamushika sikio.

Tulimaliza sahani, shiye mbili. Bukari ilibakia, bakijana bakaigawana. Mayomba bakaacha kukohoa. Nadège anaolewa kisha Pasaka. Na Mama Agathe, siku ya posho, atakuya na sufuria yake mu cour yako, Mukasai wa heshima, atakaa chini sawa bengine. Kama ungeona, ungetosha kofia yako ya train.

Monique anasema kartasi inafika mwisho. Na ana haki, asubui yote niko naongea. Ngoja nikuage muzuri, sipendi kukuacha sawa batu banaachana ku soko. Niko muzima. Nyumba iko. Tundu ya panya tulifunga na simenti. Sikulilie tena kila siku, nakulilia siku zingine, na siku ya bukari kabisa.

Na nakupatia neno yangu. Wakinifungula hii jicho, ya kwanza nitaangaria batoto, usikasirike, beko banangoja. Kisha nakuya kwako. Ile musalaba balikuwekea, batoto balichanga, banasema ni bleu sawa mbingu na jina yako nyeupe. Miye niliishika na mikono tu, siku ile tayari nilikuwa naona ukungu. Nitakuya, nitasimama mbele yake. Kuisoma sitaisoma. Lakini nitaiona, Baba Monique, nitaiona mupaka nichoke, na nitakukalia pale na...

Nani anaita? Ngoie? Ni miye! Ni miye, mama!

Monique, eko na nini ku mukono? Hapana, usiniambie, uniache. Bale banarudishwaka banapatiwa kartasi tu, nyeupe, nilishapatiwa mara mbili. Bale banaingia kupasulwa banavalishwa ile robe, kanzu ya kijani... Naona kijani. Monique, ile ni kijani? Usilie, uniambie! Ni kijani, Baba Monique! Shika kitenge yangu, shika viatu, ubakie muzuri, bwana yangu, ubakie... Nakuya, mama! Nakuya, usiite mungine!